Tuhuma na Bayana: Habari za Bwana Msa na Asili ya Hadithi ya Upelelezi katika Kiswahili

Nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale niliyo nayo ilipita mikono ya watu wengi kabla ya kunifikia mimi, na mmoja wao, ambaye sikupata kumjua kwa jina wala kwa sura, alikuwa na mazoea ya kusoma na penseli mkononi. Katika kurasa za mwanzo ameandika pambizoni, kwa hati ndogo iliyosimama wima, jina la mtu anayemdhania kuwa ndiye muuaji, kurasa chache mbele amelikata jina hilo kwa mstari mmoja na kuandika jingine, mbele zaidi jina la kwanza limerudishwa, na alama ya kuuliza ubavuni mwake, na pale siri inapofunuliwa hapana jina tena, ila neno moja tu, lililoandikwa kwa mkono uliokaza penseli hata karatasi ikabonyea: "Kumbe!"

Msomaji huyo alimtuhumu mtu, akaiona tuhuma yake haina nguzo, akaiondoa kwa mkono wake mwenyewe, wala hapakuwa na aliyemshurutisha. Jambo hilo ni jepesi likitendwa juu ya karatasi, lakini katika maisha ya watu ni zito, kwani wengi wetu ni wepisi wa kushuku na wazito wa kukiri kwamba tumeshuku bure. Nia yangu ni kueleza jinsi hadithi ya upelelezi ilivyoingia katika Kiswahili, ni nani aliyeileta, na kwa nini naitakidi kwamba faida yake kubwa ni hiyo iliyoonekana katika pambizo za kitabu changu, nayo ni kumzoeza msomaji kupambanua baina ya tuhuma na bayana.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo watu wa pwani hawakuwa na hadithi za wizi na mauaji. Visa vya kadhi mwerevu aliyemnasa mwizi kwa hila, na visa vya Abunuwasi aliyewashinda wakubwa kwa maneno, vilisimuliwa barazani na vyumbani tangu zamani, na Alfu Lela Ulela ilijulikana na wengi ambao hawakupata kuishika kwa mikono yao. Walakini, mwenye kuzitazama hadithi hizo kwa makini ataona kwamba ndani yake ukweli hautafutwi, bali hujileta. Mfano ulio bora ni kisa cha matofaa matatu. Khalifa Harun al-Rashid anatembea Baghdad pamoja na waziri wake Jaafar. Mvuvi maskini anautupa wavu mtoni, na wavu unarudi na sanduku lililofungwa. Sanduku linavunjwa, na ndani yake mna maiti ya mwanamke kijana iliyokatwa vipande. Khalifa, kwa ghadhabu, anampa waziri muda wa siku 3 amlete muuaji, la sivyo atauawa yeye. Na waziri anafanya nini? Halitazami sanduku, hamtafuti fundi aliyelichonga wala mwenye duka aliyeliuza, haulizi ni nani aliyepotelewa na mke au binti. Anarudi nyumbani kwake, anakaa siku 3 akiingoja ajali yake, na siku ya kunyongwa muuaji mwenyewe anajitokeza mbele ya kadamnasi akaungama. Kisa hicho ni kizuri kupita kiasi, na uzuri wake wote umesimama juu ya kudura. Kazi ya mwanadamu ndani yake ni kungoja tu.

Hadithi ambamo ukweli huchimbuliwa kwa kazi ya akili, hatua baada ya hatua, mbele ya macho ya msomaji, ni changa katika dunia nzima, si kwetu peke yetu. Mmarekani Edgar Allan Poe aliitoa ya kwanza mwaka 1841, akamkalisha mpelelezi wake, Dupin, katika mji wa Paris. Na mwaka 1887 tabibu wa Kiskoti, Arthur Conan Doyle, akamtoa Sherlock Holmes, ambaye sifa zake zilienea mpaka jina lake likawa sawa na jina la kazi yenyewe. Haikuwa bahati nasibu kwamba aliyemtunga Holmes alikuwa tabibu, na kwamba alikiri kujifunza njia zake kwa mwalimu wake wa utabibu, Joseph Bell wa Edinburgh, aliyezoea kumtazama mgonjwa na kumweleza atokako na kazi aifanyayo kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Naomba msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia tutakapofika Unguja.

Katika Afrika ya Mashariki, vitabu vya hadithi vilivyopigwa chapa kwa Kiswahili baada ya vita vya kwanza vya dunia vilikuwa aghalabu tafsiri zilizokusudiwa shule, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyofasiriwa na Frederick Johnson, na Kisiwa chenye Hazina, zote mbili za mwaka 1929. Vitabu hivyo viliwazoeza wanafunzi nathari ndefu, ilhali fahari ya pwani ilikuwa utenzi na shairi. Lakini ndani yake aliyeishika ramani alikuwa mgeni, na mwenyeji alikuwa aghalabu mchukuzi wa mizigo. Mwaka 1948 likaundwa shirika la East African Literature Bureau, ambalo kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu na kuwatia moyo waandishi wa nchi hizi, na katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58 zawadi ya kwanza ikamwendea Mzanzibari mmoja, mwandishi wa magazeti, kwa hadithi ambayo mwenye kuishika ramani na mwenye kufikiri alikuwa mtu wa hapa hapa.

Jina lake ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliingia katika idara ya afya, akawa mkaguzi kwa muda wa miaka 10. Kisha, mwaka 1948, akahamia katika uandishi, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na baadaye mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Na mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, asiliache mpaka alipostaafu mwaka 1968. Wengi wanaoandika habari zake huipita ile miaka 10 ya idara ya afya mbio mbio, kana kwamba ilikuwa kituo cha kungojea gari tu, nami naona kwamba hapo ndipo panapostahili kukaa kitako.

Kazi ya bwana afya, kama ajuavyo kila aliyetembelewa naye, ni kupiga hodi katika nyumba ya mtu asiyemwalika, kuingia kwa adabu, kuinua kifuniko cha mtungi, kuliinamia pipa la maji ya mvua na kutazama kama mna viluwiluwi vya mbu, kuuliza maji machafu yanamwagwa wapi na taka zinatupwa upande gani, kisha kuaga na kutoka pasi na kuivunja heshima ya wenyeji. Mwenye nyumba huapa kwamba maji yake ni safi, na pengine anaapa kweli kwa kadiri ya ajuavyo, kwa sababu pipa lile analipita kila siku na macho yake yameshalizoea. Bwana afya hakatai kiapo wala hakikubali, bali huinama akatazama. Conan Doyle alifunzwa kutazama penye kitanda cha mgonjwa, na Abdulla kwa miaka 10 kazi yake ilikuwa kutazama ndani ya nyumba za watu. Mwenye kuamini kwamba kazi humfinyanga mtu hatashangaa kuona walichokitunga.

Palikuwa na kikwazo kimoja, na mwandishi asiyekuwa wa pwani asingelikiona. Mpelelezi, katika masikio ya watu wa mitaa, halikuwa jina la sifa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na askari kanzu wake, waliojichanganya na watu na kupeleka maneno kwa wakubwa; mtaani kwenyewe mlikuwa na mdukizi na mdaku, ambao hakuna awapendao; na juu ya hayo dini yenyewe, katika sura ya Hujurat, imekataza watu kuchunguzana aibu zao, kama ilivyokataza wingi wa dhana. Basi vipi mwandishi wa Kiislamu, akiwaandikia wasomaji wengi wao Waislamu, atamfanya mchunguzi wa siri za watu kuwa shujaa? Abdulla alilifumbua fumbo hilo kwa tabia ya mtu aliyemtunga. Bwana Msa si askari wala hakutumwa na serikali. Ni mtu huru, mvuta kiko, mpole wa maneno, mwenye sahibu wake Najum ambaye huuliza yale ambayo msomaji angependa kuyauliza. Naye anapoingia katika jambo huingia kwa sababu damu imemwagika au haki imepotea. Tena, anapoupata ukweli hauvumishi kama mdaku, bali huuweka hadharani pamoja na dalili zake moja moja, ili kila mwenye masikio aupime. Hiyo ndiyo kanuni ya makadhi, kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta bayana, na asiyekuwa nayo anyamaze.

Hadithi hiyo iliyoshinda, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka mwaka 1960. Mzimu, kama wajuavyo watu wa visiwani na wa mwambao, ni mahali, aghalabu penye pango au mti mkubwa, panapodhaniwa kuwa makao ya roho za waliotangulia, panapopelekwa ubani na nadhiri, na ambapo mtu hapiti bila ya kupunguza sauti. Hapo ndipo Abdulla alipoiweka maiti ya mtu mwenye mali. Mwandishi wa London angemwulia mtu wake katika chumba kilichofungwa kwa ndani, ili msomaji ajiulize muuaji alitokea wapi; Abdulla alichagua mahali ambapo hapana mlango wa kufungwa, lakini akili za watu zimefungwa kwa hofu, maana mtu akifa mzimuni jawabu liko tayari kabla ya swali. Bwana Msa hawacheki wenye kuuogopa mzimu wala hawatukani. Hufanya lile alilolifanya bwana afya mbele ya pipa la maji, huliweka kando jawabu lililo tayari na kuanza kutazama. Nani alifaidika? Nani aliongopa katika jambo dogo lisilohitaji uongo? Msomaji aliyeanza kitabu akiwa na khofu ya pepo hujikuta, kidogo kidogo, anawaogopa watu.

Na hiyo ndiyo njia ambayo mwandishi huyu aliishika katika mfululizo wa vitabu vyake. Kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1968, kilipewa jina la Kisima cha Giningi, na Giningi katika masimulizi ya visiwani ni mahali pa wachawi. Cha tatu, cha mwaka 1973, kikaitwa Duniani Kuna Watu. Ukiyasoma majina hayo matatu kwa mfuatano utaona yenyewe yanasimulia safari: kutoka mzimuni, kupitia uchawini, mpaka kwa watu. Hata msemo huo wa tatu, ambao mjini watu huutamka wakitikisa kichwa baada ya kusikia kituko, ni hukumu. Maana yake ni kwamba ajabu yote unayoitafuta kwa majini imeshatendwa na jirani yako. Baadaye vikafuata Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na baada ya kimya cha miaka kadhaa, Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Wako wanaosema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Kiko ni kile kile, na Najum ni ndugu yake Watson, sahibu wa Holmes, hayo hayakanushiki. Na mwandishi hakujificha katika hilo, maana hata jina la shujaa amelifinyanga kwa herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe, M. S. A., kama mtu anayetuambia waziwazi kwamba nguo ni ya kuazima lakini mwili ni wangu. Tofauti iko katika kitu kinachofichwa. London ni mji wa mamilioni ya watu wasiojuana, na kwa hivyo Holmes husoma tope la kiatu na jivu la sigara ili ajue mgeni aliyesimama mbele yake ni nani. Unguja ni kisiwa ambacho watu wake wanajuana hata kuzidi. Hakuna haja ya kuuliza mtu huyu ni nani, bali ni mtoto wa nani hasa, mama yake aliolewa na nani kabla ya huyu, na talaka ile ilitoka lini. Siri za Abdulla, kwa hiyo, aghalabu ni siri za nasaba na urithi na ndoa za zamani, na anayezifumbua hana budi kuijua historia ya nyumba kama mshenga aijuavyo. Jivu la sigara hupeperuka, lakini nasaba hubaki katika vinywa vya bibi vizee, na Bwana Msa anajua kuwasikiliza.

Sitaki kumsifu mtu huyu hata nikaficha ila zake. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 1964, na vitabu vyake vingi vilitoka baada ya hapo, lakini ulimwengu alioueleza ulibaki ule wa mabwana, mashamba na watumishi, na wahakiki wa zama zilizofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 walimlaumu kwa kupita kando ya mambo makubwa ya wakati wake, kana kwamba haki hupotea katika urithi tu na si katika ardhi na jasho. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Kadhalika, mara nyingine mafundo yake ni mengi hata yakafunguliwa kwa sadfa badala ya hoja. Pamoja na hayo, Kiswahili chake ni cha mtu aliyelala na kuamka katika lugha; mizaha yake haina uchungu, mazungumzo yake yanakwenda kama bao linalochezwa na mafundi, na mwanafunzi anayetaka kujua jinsi Waunguja walivyozungumza katikati ya karne iliyopita atafaidika zaidi kwa Bwana Msa kuliko kwa sarufi nyingi.

Bara nako mbegu hiyo iliota upesi. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na jina lake pekee latosha kuonyesha kwamba tumekwishatoka mashambani tukaingia mjini: mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni ofisa wa polisi, na kifo hakingojei mzimuni bali hulia kengele mezani. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na hapo upelelezi ukageuka kuwa ujasusi. Adui si jirani tena aliyeuchukia urithi wa nduguye, bali ni wakala wa tawala za kibaguzi za kusini mwa Afrika, jambo lililokuwa karibu sana na wasomaji wa Dar es Salaam, mji ambao tangu mwaka 1963 ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kisha akaja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, kijana mtanashati anayefuatana na Nuru, na vitabu vyake vikasomwa mpaka vikachanika. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, vitabu vilivyochapishwa Nairobi vikawa adimu Dar es Salaam, na waandishi wa Tanzania wakashika mambo yao kwa mikono yao: Musiba akajichapishia, na Mtobwa akaanzisha Heko, shirika lake la uchapishaji. Magazeti nayo yakazoea kutoa hadithi kwa mfululizo, na neno "itaendelea" likawatesa watu juma zima.

Wataalamu wamezipa hadithi hizi jina la riwaya pendwa, na katika vinywa vya baadhi yao jina hilo lina dharau ndani yake, kama kwamba kitu kinachopendwa na wengi hakiwezi kuwa na hekima. Mimi sioni hivyo, ila nakiri kwamba katika safari kutoka Unguja kwenda bara kitu fulani kilipungua. Willy Gamba na Joram Kiango huushinda uovu kwa wepesi wa mikono na bastola, na msomaji huwafuata akiwa na pumzi juu. Bwana Msa huushinda akiwa ameketi, na msomaji hana la kufuata isipokuwa hoja. Waliomfuata walizidisha mbio, na mbio zina raha yake. Lakini penseli ya yule mwenzangu nisiyemjua isingekuwa na kazi ndani ya vitabu vyao, kwani ndani yake adui hujulikana mapema na swali linalobaki ni kama atakamatwa.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Alituandikia katika nchi ambazo hata leo vikongwe huuawa kwa wekundu wa macho yao, yaliyowiva kwa moshi wa kuni, na ambamo mwizi wa kuku aweza kuuliwa njiani kwa kelele ya mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwuliza ameona nini. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kazi yake ilikuwa ya kupitisha wakati tu. Mwenye kukisoma kitabu chake na asome na penseli, aandike pambizoni jina la amdhaniaye, na bayana itakapomjia kinyume asiwe mzito wa kulifuta.